Mguu wa Jirani Kwenye Karatasi

Niseme ukweli mapema kabla ujasiri haujaniishia: nilimpima jirani yangu mguu akiwa amevaa soksi. Na si zile soksi nyembamba za shule. Zilikuwa soksi za sufu, nene kama blanketi la hospitali, alizofumiwa na bibi mmoja wa Kiswidi anayekaa ghorofa ya chini. Nilimsimamisha juu ya karatasi jikoni kwangu, hapa Bredäng, Stockholm, nikapiga magoti, nikazungusha kalamu mguu wa kulia, nikazungusha na wa kushoto. Nikaandika "kulia" na "kushoto" ili nisichanganye, kana kwamba vidole gumba visingeniambia. Halafu nikaikunja karatasi mara mbili kwa madaha ya mtu aliyepata alama nzuri ya sayansi kimu kidato cha nne.

Yeye hakuvua, na mimi sikumwambia avue. Wala hatukuona ajabu. Hapa mjini ukiingia kwa mtu unaacha viatu mlangoni, na kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa nne soksi ndiyo ngozi. Jirani huyu nimekunywa naye chai miaka tisa. Najua dawa anazokunywa, najua anakoroma upande gani, maana kuta zetu ni nyembamba. Vidole vyake vya miguu sijawahi kuviona.

Mlango wake unatazamana na wangu. Anatoka upande wa Uvira, Kongo, na anasafisha ofisi kule Kista, ofisi za vioo ambazo watu wake wanakunywa kahawa wamesimama. Yeye na mumewe wana watoto watatu wakubwa na cheti cha ndoa cha serikali, lakini kanisani hawakuwahi kufunga. Wiki ambayo ingefungwa ndoa ndiyo wiki waliyokimbia. Baadaye kila mwaka ukawa na shughuli yake: kambi, makaratasi, watoto, kazi. Sasa mchungaji wao alikuwa ameshapanga siku, Jumamosi moja mwishoni mwa Aprili. Gauni lilikuwa limeshonwa, linaning'inia chumbani ndani ya mfuko. Kilichobaki kilikuwa miguu.

Mguu wake wa kushoto uliwahi kuvunjika njiani, ukaungwa na mtu ambaye hakuwa daktari, ukabaki mpana kwa mbele na wenye nundu pembeni. Namba za viatu haziuelewi mguu ule. Alishaagiza viatu mtandaoni mpaka kijana wa dukani anakopokea vifurushi akawa anamsalimia kwa jina. Vyote vilirudi. Kwa hiyo mwaka mzima anavaa viatu vyake vyeusi vya kazi, vya kiume, vyenye soli ya mpira. Amevivaa kwenye mahafali ya watoto na amevivaa kwenye misiba.

"Jirani," aliniambia, "nasikia unaenda Italia."

"Napelekwa."

"Kule ndiko wanashona viatu. Uniletee."

"Namba gani?"

"Namba zinanidanganya. Kwetu fundi alikuwa anachora mguu ku karatasi, basi. Chora." Akaona nasita. "Miye sitaki kuingia ku kanisa na viatu vya kudekia. Mungu ameviona hivi vya kutosha."

"Nikikuta vizuri nikutumie picha uchague?"

"Usinitumie picha. Picha ndizo zimenichosha. Wewe leta kiatu kinachoingia."

Nilipokuwa chini nazungusha kalamu akaniuliza, "Una hakika unajua kazi hii?" Nikamjibu mimi nimesoma. Hilo nalo liandikwe.

Sasa, mimi si mtu wa safari. Mtu akitaka kuniadhibu anipe tiketi. Napenda kiti changu cha dirishani, birika langu, na kujua basi linapita saa ngapi hata kama silipandi. Lakini kikundi chetu cha akina mama, kinachokutana Rissne mara moja kwa mwezi, kilipiga kura kwenda Firenze siku nne, na mimi nilinyoosha mkono juu kabisa. Nilikuwa na sababu. Kikundi chetu kilishakubaliana kwa kauli moja kwenda kisiwa cha Gotland, kwenda kuchuma matunda msituni, na kwenda kujifunza kuogelea, na hatukwenda popote. Nilipiga kura kwa imani hiyo. Sikujua kwamba tulikuwa tumemchagua mwenyekiti mpya, muuguzi wa Kikenya, mtu ambaye akisema Jumatano basi ni Jumatano.

Binti yangu alinikuta napakia mashuka yangu.

"Mama, hoteli wana mashuka," alisema kwa Kiswidi. Mimi huuliza kwa Kiswahili, yeye hujibu kwa Kiswidi, na hivyo ndivyo tulivyomalizana miaka ishirini.

"Ya kwao si yangu."

"Na majani ya chai? Na soksi za sufu? Mama, ni Italia."

Nikapakia vyote. Karatasi ya miguu niliiweka kwenye mfuko wa zipu wa mkoba, ndani ya plastiki, karibu na pasipoti.

Tulifika Jumatano jioni, wanawake kumi na moja. Alhamisi ikawa siku ya kutazama. Mwenyekiti alifunga kipande cha kitenge kwenye mwavuli akaunyanyua juu, nasi tukamfuata kama wari tunaopelekwa unyagoni. Alitembea mwendo wa wodini. Tukaona kanisa kubwa la mawe meupe na ya kijani, ukuta mzima kama umefunikwa vitambaa vya meza. Tukaona daraja lenye maduka ya dhahabu juu yake. Tukaona uwanja wenye sanamu ya kijana mkubwa wa mawe aliyesimama bila nguo hata moja, na hapo kikundi kikagawanyika: wa kanisa letu wakatazama njiwa, wengine wakatafuta pembe nzuri ya kupiga picha.

"Huyu hajawahi kupanda basi Stockholm mwezi wa kwanza," alisema mwenyekiti. "Angekuwa ameshavaa."

Wote walicheka, na mimi nikacheka nyuma yao, maana nilikuwa naangalia miguu ya sanamu. Siku nzima nilikuwa hivyo. Watu wanatazama juu kwenye mapaa, mimi natazama chini. Kila duka la viatu lilinishika shati. Kila baada ya hatua kumi nilifungua zipu ya mkoba kuhakikisha karatasi ipo, nikafunga, nikafungua tena kuhakikisha nimefunga. Chakula nacho kiliniongezea wasiwasi: mkate wao hauna chumvi kabisa, na nilimwangalia mhudumu nikidhani amesahau, kumbe ndivyo wanavyoupenda. Niliutafuna huku nikihesabu siku zilizobaki za kurudi kwenye kiti changu.

Chumbani nilipangwa na mama mmoja wa Mombasa, fundi cherehani, umri wake umeshapita sitini, ulimi wake bado una ishirini. Usiku ule aliniona natandika shuka langu juu ya shuka la hoteli.

"Shoga, umekuja kutembea au umehamishwa?"

"Nalala vizuri kwa shuka langu."

"Hata sufuria umeleta?"

Sufuria ndogo ilikuwa chini ya nguo.

Ijumaa ilikuwa siku ya manunuzi. Mwenyekiti alitushusha kwenye soko la ngozi, mabanda yamebanana, mikoba inaning'inia, harufu kama ndani ya gari jipya. Hapo wenzangu walifufuka. Sijui nani aliwaambia wauzaji wa Firenze kwamba wanawake wa Kiswahili hawalipi bei ya kwanza, lakini baada ya saa moja walikuwa wameshajua. Dada mmoja wa Bujumbura aliondoka kwenye banda mara nne kwa mkoba mmoja, na mara nne muuzaji akamfuata. Fundi wa Mombasa alikuwa anageuza mikoba ndani nje, anavuta mishono, anaguna. Muuzaji mmoja alimnyang'anya mkoba mkononi akamwonyesha kwa ishara aende zake.

Mimi sikununua hata mkanda. Nilipenya, nikavuka daraja, nikatafuta vichochoro ambavyo watalii walikuwa wamepungua, mpaka nikaona duka dogo lenye viatu vya watu wazima dirishani. Viatu vya kutembelea, si vya kupigia picha. Ndani alikuwepo mzee mwenye miwani kifuani. Hakujua Kiingereza, mimi sikujua Kiitaliano, tukafurahiana. Nilimkunjulia karatasi juu ya kaunta.

Aliitazama, akanitazama, akaitazama tena. Akatoa kijiti chake cha kupimia, akapima urefu, akapima upana, akauliza kitu huku akinyanyua mkono juu ya kichwa chake. Nilielewa: huyu mtu ni mrefu? Nikashusha mkono mpaka begani kwangu. Jirani yangu ni mfupi, mnene kidogo. Mzee akapandisha nyusi. Hapo ndipo mtu mwenye akili angejiuliza swali. Mimi nilijiambia miguu ya watu ni siri yao.

Akaniletea arobaini na mbili. Ngozi laini rangi ya maziwa, kisigino kifupi, mkanda juu. Vilikuwa vizuri mpaka nikasahau kuuliza bei. Nikaweka karatasi juu ya soli, ikalingana. Nikavinunua, nikatoka nimekumbatia boksi, na kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye ndege nikaona kwamba mji una mto.

Niliwakuta wenzangu wamezunguka kigari cha chakula, wanapiga kelele kama wameokota ndugu.

"Dada, njoo uone! Utumbo!" Mwenyekiti alikuwa ameshika mkate kwa mikono miwili, mchuzi unamtiririka mpaka kwenye saa. "Tumetoka Sweden na ndege, tumepita makanisa, kumbe watu hawa wanakula matumbo kama sisi!"

Na kweli, ulikuwa utumbo wa ng'ombe uliochemshwa, umekatwakatwa, umetiwa ndani ya mkate na mchuzi wa kijani. Fundi wa Mombasa alitoa chupa ya pilipili kwenye mkoba, ikazunguka mkono kwa mkono, mpaka mwenye kigari naye akaomba. Nilikula miwili nimesimama, boksi katikati ya miguu. Ile ndiyo nusu saa pekee niliyoifaidi Firenze.

Tulirudi hotelini saa kumi na moja jioni, kabla ya chakula. Nikamfungulia mwenzangu boksi kitandani. Alikichukua kiatu kwa heshima, akapitisha kidole kwenye mshono, akatoa ule mguno wa kuridhika ambao sokoni hakuutoa hata mara moja.

"Kazi safi. Cha nani hiki, cha mwanamume?"

"Cha jirani yangu, bibi harusi."

"Mrefu?"

"Ananifika begani."

Akanyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi."

Aliiweka kwenye mwanga wa dirisha. Aliitazama muda ambao mimi ningemaliza kuosha vyombo.

"Shoga. Vidole viko wapi?"

"Vidole gani?"

"Mguu una vidole. Ukizungushia kalamu, mstari unapanda unashuka. Hapa mimi naona mikate miwili ya boflo." Akanigeukia. "Alikuwa kavaa nini huyu?"

Nilifungua mdomo kumwambia hakuvaa kitu, na palepale nikaziona: soksi za kijivu, zenye mistari miwili myekundu juu, zimesimama kwenye karatasi jikoni kwangu.

Nilikaa kitandani. Fundi hakucheka mara moja, nampa sifa yake. Alisubiri kama sekunde tatu.

"Umesoma wapi wewe?"

"Sayansi kimu," nikasema. "Kidato cha nne."

"Wakurudishie ada."

Halafu akaacha mzaha, na hilo ndilo lililonitisha. Akaniambia nguo ikizidi yeye huipunguza, lakini kiatu kikizidi utakifanya nini? Mtu mwenye mguu mmoja mbovu ukimpa kiatu kinachocheza, atautafuta mguu ndani ya kiatu mbele ya watu wote. Nikamwona jirani yangu katikati ya kanisa, watoto wake wakubwa nyuma yake, kiatu kinambakia kwenye zulia. Au nikamwona amegundua nyumbani, amevirudisha kwenye boksi bila kusema neno, amevaa vile vyeusi. Hilo la pili liliniuma zaidi, maana ndivyo angefanya.

"Mpigie umwambie apime kwa rula," alisema fundi. "Dakika moja, yamekwisha."

Nikapiga. Alikuwa kazini Kista, nasikia mashine ya kung'arisha sakafu ikizimwa.

"Jirani!" alisema. "Umenipatia?"

"Nimekupatia."

"Aah, Mungu ni mkubwa. Jana sikulala vizuri, leo nitalala. Nimeshaambia watoto, mama yenu anaingia ku kanisa na kiatu cha Italia, waache kunicheka." Mashine nyingine ilizimwa. "Unasemaje?"

Fundi alikuwa amesimama mbele yangu anachora rula hewani kwa kidole.

"Jirani," nikasema, "habari za miguu?"

"Miguu ya nani?"

"Yako."

"Iko chini ya miye. Kwa nini?"

"Nilikuwa nauliza tu. Huku kuna jua."

Nilipokata simu fundi alikuwa ameshaketi kwenye kiti, mikono kichwani.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia hali ya hewa."

Sina cha kujitetea. Neno moja, soksi, lingemaliza kila kitu, nami sikulitoa. Sikutaka aanze kuhesabu siku. Na pia, tusidanganyane, sikutaka ajue.

Basi tukafanya kazi. Nilitoa soksi zangu za sufu kwenye sanduku, zilezile alizonicheka binti yangu, nikazivaa. Fundi akanisimamisha juu ya karatasi ya menyu ya kifungua kinywa, akapiga magoti na kalamu, huku akilalamikia magoti yake na ukoo wangu. Halafu nikavua, akazungusha tena ndani ya mstari ule. Tofauti ilikuwa upana wa punje ya hindi pande zote.

"Zake ni nene kuliko hizi?"

"Nene zaidi."

"Kwa kiasi gani?"

Nikafikiri. "Kama andazi kwa chapati."

"Shoga, mimi nimeshona miaka arobaini, hicho si kipimo."

Tulibishana mpaka mwenyekiti akagonga mlango kutuita chakulani, tukamwambia aende tunakuja. Mwishowe fundi alifunga macho, akaniambia nimshikishe soksi yangu kati ya vidole, nami nimwambie zaidi au basi huku akiachanisha vidole taratibu. Zaidi. Zaidi. Basi. Akapima uwazi ule kwa futi yake ya kupimia nguo, akanakili miguu ya jirani kwenye karatasi mpya, akachora mstari wa ndani, akachonga vidole kwa kukisia. Kwenye nundu ya kushoto alisita.

"Hapa sipunguzi sana. Mfupa haupungui kwa kuvua soksi."

Kisha akachukua mkasi wake mdogo akakata. Tukabaki na miguu miwili ya karatasi juu ya kitanda, ya mtu ambaye wakati huo alikuwa anadeki Kista hana habari. Nilipoweka mguu wa kulia ndani ya kile kiatu cha rangi ya maziwa, uliogelea.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kuondoka. Basi la uwanja wa ndege lilikuwa saa nane mchana. Asubuhi tulikuwa na tiketi za jumba la picha za kuchorwa, zile picha ambazo, kwa maelezo ya mwenyekiti, watu huvuka bahari kuja kuziona. Duka la mzee lilikuwa na kibao mlangoni, nilikikumbuka: Jumamosi linafungwa saa sita na nusu, na Jumapili halifunguliwi. Foleni ya picha ilikuwa inazunguka nguzo na haisogei. Nilikuwa nahama mguu huu kwenda mguu huu. Saa tatu na nusu. Saa nne kasoro. Nikatoka kwenye foleni.

"Dada! Unaenda wapi?"

"Kubadilisha viatu."

Mwenyekiti alinitazama kama mgonjwa anayejichomoa dripu. "Watu wanatoka Amerika kuja kuona hizi picha, wewe unaenda kuona kiatu?"

"Nitaziangalia kwenye kadi."

"Saa nane basi linaondoka, na mimi sisubiri mtu."

"Mwache," alisema fundi kutoka kwenye foleni. "Huyu hata akiingia ataangalia miguu tu."

Nilipotea mara mbili. Vichochoro vya Firenze vyote vina pikipiki moja na kanisa moja, na kila kona nilidhani ndiyo yenyewe. Nilifika jasho linanitoka, boksi limelowa pembe moja. Mzee alikuwa anapanga viatu dirishani. Aliponiona na boksi uso wake ulikunjamana. Akanionyesha karatasi ukutani yenye maandishi makubwa mekundu, na hata mimi nilielewa: kikiuzwa hakirudi.

Sikuwa na lugha, kwa hiyo nilifanya maigizo. Nilikaa kwenye kiti cha kujaribia, nikavua kiatu changu, nikavaa soksi ya sufu niliyokuja nayo mkobani. Nikaonyesha karatasi ya zamani. Nikavua soksi. Nikaonyesha karatasi mpya. Kisha nikajinyooshea kidole, nikajigonga kichwani kwa ngumi mara tatu. Mzee aliniangalia bila kupepesa. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka miwani ikadondoka, akamwita mtu ghorofani, akashuka mkewe na aproni, nami nikaigiza tena tangu mwanzo.

Yule mama hakucheka sana. Alichukua miguu ya karatasi, kidole chake kikasimama kwenye nundu ya kushoto. Akasema neno moja kwa mumewe. Halafu akavua kandambili yake, akanionyesha mguu wake mwenyewe: nundu palepale, ukubwa uleule, ngozi imeng'aa kwa kusuguliwa. Akashuka stoo. Alikaa huko muda mrefu, mimi natazama saa ya ukutani, saa tano na nusu, saa sita kasoro, mzee ananiletea maji kwenye kikombe cha kahawa. Aliporudi alikuwa na boksi lenye vumbi. Namba arobaini, vipana, vya kahawia, vyenye bizimu kubwa ubavuni. Ilikuwa jozi moja tu. Aliweka mguu wa karatasi wa kulia ndani, ukalala. Akaweka wa kushoto, akausukuma taratibu kwa kidole gumba, nundu ikagusa ukingo, ikatulia. Sura ya kiatu sikuitazama. Nilikuwa natazama karatasi kama haijikunji. Mzee akavichukua vile vya rangi ya maziwa, akavirudisha dirishani bila kunidai hata senti.

Wakati wa kurudi nilipotea tena, na basi la uwanja wa ndege nililiwahi kwa dakika nne. Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli wa kitenge. Alinipa tu kadi ya picha aliyoninunulia.

Kwenye ndege nililipakata boksi. Mhudumu aliniomba aliweke juu, nikamwambia kuna mguu wa mtu ndani, akaniacha. Hata hivyo sikutulia. Karatasi haina uzito wa mtu. Karatasi haichoki, haivimbi, haitembei kutoka mlangoni mpaka madhabahuni huku watu wamesimama wanaangalia. Na mfupa ule tuliupima kwa vidole viwili vya mama wa Mombasa aliyefumba macho.

Jirani alikuja Jumapili mchana, bado na nguo za ibada, amevaa soksi nyembamba za kanisani. Sikumwandalia hata chai. Nilimpa boksi nikarudi nyuma mpaka kwenye jiko, nikashika kitambaa cha vyombo. Aliketi kwenye kiti changu cha dirishani bila kuniomba. Akaingiza wa kulia. Akaingiza wa kushoto nusu, akasimama, akashusha pumzi, akasukuma. Uliingia. Akafunga bizimu zote mbili.

Akatembea kutoka dirishani mpaka kwenye friji. Akarudi. Uso wake hauonyeshi kitu, ni uso wa mtu aliyekaa kwenye foleni nyingi. Akafungua mlango akatoka kwenye korido, nami nikasikia anashuka ngazi. Miaka tisa najua anavyoshuka: hatua nzima, halafu ule wa kushoto unaoburuzwa. Nilisikiliza mpaka ghorofa ya pili. Akageuka, akapanda. Hatua, hatua. Hatua, hatua. Wa kushoto ulikuwa bado unachelewa kidogo, lakini ulikuwa unakanyaga.

Akaingia, akasimama katikati ya jikoni, akavitazama viatu. Akageuza mguu huku, akageuza mguu kule. Mimi nilikuwa nimenyonga kitambaa mpaka maji yanadondoka sakafuni.

"Vinauma?" nikamwuliza.

Alivuta gauni lake juu kidogo, akatazama tena, muda mrefu, kisha akaninyanyulia macho.

"Vinanienea bien," alisema. "Ni vibaya sana kuangalia, lakini vinanienea. Jumamosi kanisani mtu akiuliza nani alivichagua, wewe nyamaza."